Papa wa Deep Sea na mzigo wa zebaki

Katika soko la samaki la Deep Sea, Tanga, papa hupasuliwa, hutiwa chumvi, kisha huanikwa. Baada ya siku chache huwa mchuzi wa nazi. Mtamu, hakuna ubishi.

Lakini minofu hiyo hubeba zebaki. Hiyo hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na machimbo ya dhahabu, hata ya mbali, ikafika baharini. Bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Viumbe vidogo vya majini huinyonya, dagaa huvila, jodari humla dagaa, papa humla jodari. Kila mlaji hurithi mzigo wa aliyeliwa, na papa huishi miaka mingi akiulimbikiza. Chumvi haiutoi, wala moto. Mizani ya sokoni hupima kilo tu.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 1956, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo. Kiwango kile kilitoka kiwandani, si sawa na cha papa. Hata hivyo, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo hushauriwa wamwepuke papa.

Meza za jirani zina dagaa, vibua na tasi. Tasi hula majani ya bahari, hivyo mzigo wake ni mdogo.