Seva Yangu ya Nyumbani Imepata Poti Nne Zaidi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wapo walioanza kuniuliza kama nimehama Machakos. La hasha, nipo hapa hapa Katoloni, na vumbi letu bado ni jekundu. Kilichonishughulisha ni kale kaseva kangu ka sebuleni, ambako sasa kana poti tano za mtandao badala ya moja. Leo nitawaeleza sababu na jinsi nilivyofanya, maana kila mtu akiuliza swali hili hujibiwa kwa maneno mawili tu, "nunua kadi", kisha anaachwa hapo.

Kwa wageni: seva yenyewe ni kompyuta ya ofisi ya mtumba, ile aina nyembamba inayoletwa kwa kontena baada ya makampuni ya ng'ambo kuichoka. Nimeiongezea memori ikafika GB 32, nikaweka diski mbili. Juu yake inaendesha Proxmox VE, ambayo ni Linux ya Debian iliyopewa uwezo wa kubeba mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kila moja ikijidhania kwamba ina chuma chake peke yake. Ninazo nne. Moja ni OPNsense, ambayo ndiyo fayawoli na ruta ya nyumba nzima, mlinzi wa getini. Ya pili ni ya kazi za wateja. Ya tatu inahifadhi picha na filamu za familia. Ya nne ni ya kuharibia, mahali ninapojaribu mambo.

Sasa, tatizo. Mteja wangu mmoja ni chama cha akiba na mikopo. Ninawaandikia mfumo mpya, na tulifika mahali pa kuhamisha kumbukumbu za wanachama kutoka mfumo wa zamani. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa majina ya kubuni, lazima upate nakala ya zile zenyewe, maana makosa yaliyomo humo ndiyo yatakayokuangusha: nambari za vitambulisho zilizorudiwa, tarehe za kuzaliwa za mwaka 1900, mikopo isiyo na mwenyewe. Walikuwa tayari kunitumia. Nikawaambia wangoje kidogo. Kwa nini? Kwa sababu waya mmoja uliokuwa ukitoka kwenye seva ulikuwa ukibeba kila kitu: kazi yangu, televisheni, tableti za watoto, na simu ya kila mgeni aliyewahi kupewa nenosiri la Wi-Fi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiulizi kama unafanyia kazi ghorofani Upper Hill au sebuleni Katoloni. Na hata isingekuwepo, zile ni akiba za watu. Televisheni ya bei nafuu ambayo haijapata marekebisho ya programu tangu ilipotoka dukani haina haja ya kuwa mtaa mmoja nazo.

Sababu ya pili ni laini mbili. Ninayo faiba, na pembeni nina modemu ya mtandao wa simu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Wakati ule ilitubidi kutegemea zaidi TEAMS, ule uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, ambao haukuguswa. Hapa kwangu laini moja ilikuwa hoi na nyingine ilikuwa na afadhali. Nami nilikuwa nikihama kutoka moja kwenda nyingine kwa mikono, nachomoa huku nachomeka kule, kama fundi wa simu wa zamani. Seva yenye poti moja haina namna nyingine ya kawaida.

Nilipima njia tatu.

Ya kwanza ni VLAN, na niseme ukweli, vitabuni hili ndilo jibu sahihi. Unanunua swichi inayoweza kupangwa, kila pakiti inapigwa muhuri wa namba (zipo namba 4094 za kutumia), na poti moja ya seva inabeba mitandao mingi bila kuchanganya. Ni rahisi kwa mfuko, na kasi ya gigabiti moja mnayogawana inatosha kwa nyumba. Ninaitumia kwa kazi za watu. Lakini mimi husafiri, na nikisafiri anayebaki na mitambo ni mama watoto, ambaye ana kazi yake na hana muda wa kusikia habari za mihuri. Nikimpigia simu nikiwa Mombasa nataka kumwambia, "Chomoa waya wa kijani, hesabu kumi, rudisha," basi. Waya unaoonekana kwa macho una heshima yake.

Ya pili ni adapta za USB. Zinafanya kazi, na kwa kompyuta mpakato ni sawa kabisa. Ila kuifanya iwe mlango mkuu wa nyumba usiku na mchana siwezi. Ikigongwa na mtoto anayetafuta mpira chini ya meza, au ikijizima kidogo mzigo ukizidi, nyumba nzima haina mtandao na fayawoli inabaki inashangaa poti imekwenda wapi.

Ya tatu ndiyo kadi ya PCIe, na hiyo ndiyo niliyoifuata Nairobi. (Wasiofahamu, kituo kikubwa cha mabasi kule Nairobi kinaitwa Machakos Country Bus. Kwa hiyo unaweza kutoka Machakos, ukasafiri kilomita sitini na kitu, ukashuka Machakos. Sijawahi kuchoka na kichekesho hiki.) Nilikuwa nikitafuta Intel I350 ya poti nne. Ni kadi ya mwaka 2011 hivi, mzee kwa umri wa kompyuta, lakini Linux inaifahamu kama mama anavyomfahamu mwanawe. Ubaya wake ni kwamba umaarufu umeiletea wajukuu wa bandia wengi. Zile mpya zinazong'aa kwenye boksi ndizo za kuogopa. Bora ile iliyochomolewa kwenye seva ya kampuni, yenye vumbi na stika ya Dell au HP.

Katika maduka ya Moi Avenue kijana mmoja alinitolea mpya.

"Orijino hii, mkubwa. Guarantee mwezi mmoja."

"Huna iliyotumika, kaka? Iliyotoka kwenye seva?"

Akaniangalia kama mtu aliyekataa pilau akaomba kiporo. Akaingia nyuma, akarudi na moja ndani ya mfuko wa plastiki, na bei ikiwa chini ya nusu. Nilikuwa nimebeba flashi yenye Linux, nikamwomba tuichomeke kwenye kompyuta yake ya majaribio. Amri ya lspci ikaonyesha poti zote nne, na anwani zake za MAC zikafuatana namba kwa namba. Nikalipa kwa M-Pesa. Jambo moja la kukumbuka kabla hamjaondoka dukani: kompyuta nyembamba inahitaji lile bati fupi la nyuma, na kadi nyingi huja na refu. Omba ufungiwe fupi hapo hapo. Ukifika nyumbani bila hilo utaanza kutafuta msumeno.

Wengine huuliza kama kompyuta kuukuu itaibeba. Piga hesabu. Poti ya gigabiti ikijaa pomoni ni megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo nne ni 500. Njia moja ya PCIe ya kizazi cha 2 hupitisha karibu hizo 500, na kadi hii hutumia njia nne. Nafasi ipo tele. Umeme ni karibu wati 5, yaani uniti tatu na nusu hivi kwa mwezi. Kwenye tokeni zangu sijaona tofauti.

Kufungua kava, kupuliza vumbi, kuchomeka, kukaza skrubu: dakika kumi. Mambo yenyewe huanza pale unapowasha, na hapa ndipo naomba mnisikilize.

Linux ya siku hizi huipa kila poti jina kulingana na mahali ilipo kwenye ubao, mfano enp2s0. Ukiongeza kadi, hesabu ya mahali inaweza kusogea, na poti yako ya zamani ikaamka ikiitwa enp3s0. Proxmox bado inatafuta enp2s0. Hakuna mtandao, hakuna ukurasa wa kuingilia, na seva isiyo na skrini inakuwa tofali. Ndiyo maana kabla ya kuzima nilichomeka skrini na kibodi, nikaandika anwani ya MAC ya poti ya zamani kwenye karatasi. Na kweli, jina lilisogea. Dawa ya kudumu ni kufungia jina kwenye MAC: unaweka faili dogo la .link ndani ya /etc/systemd/network kwa kila poti, unaipa jina unalotaka wewe, kisha unalitumia jina hilo kwenye /etc/network/interfaces. Zangu sasa zinaitwa faiba0, simu0, nyumba0 na kazi0. Ile ya ubaoni nimeiita usimamizi0. Hata nikiongeza kadi nyingine kesho hazitahama.

Kila poti nimeiundia daraja lake ndani ya Proxmox, na OPNsense imeunganishwa kwenye madaraja manne. Wapo wanaopenda kumkabidhi fayawoli kadi yenyewe moja kwa moja, na ni njia nzuri kama bodi yako inakubali, ila mimi napenda mashine pepe ninayoweza kuihamishia kompyuta nyingine hii ikifa. Sharti moja: yale madaraja mawili ya nje, la faiba na la simu, Proxmox yenyewe isiwe na anwani ya IP juu yake. Yawe mapito tu. Ukiyapa anwani umemweka mwenye nyumba kulala nje ya geti.

Kuhusu kuhama laini kwa hiari yake, OPNsense huweka milango miwili kwenye kundi, mmoja wa kwanza na mwingine wa akiba, kisha huipigia hodi anwani fulani kupitia kila mlango. Usiweke anwani ya modemu yako. Modemu itaitika vizuri sana hata kama baharini kumekatika, maana yenyewe iko pale mezani. Nimeweka anwani mbili tofauti zilizo mbali. Na usiiambie ihame laini ikifa tu. Mei 2024 laini hazikufa, zililegea, na kwa kipimo cha kufa tu ningebaki kwenye ile mbovu kutwa. Nimeiwekea ihame pakiti zikipotea sana au majibu yakichelewa kupita kiasi, na namba zenyewe nilizipata kwa kuangalia grafu za wiki mbili, si kwa kukisia.

Jaribio lilikuwa la kawaida. Nikiwa kwenye mkutano wa video nilichomoa waya wa faiba. Picha ikaganda, nikahesabu sekunde kadhaa, simu ikakatika, nikapiga tena ikaingia kupitia laini ya akiba. Si uchawi, anwani ya nje ikibadilika mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea hukatika. Lakini sikuinuka kitini. Kisha nikachukua tableti ya mtoto nikajaribu kuifikia mashine ya mteja, kwa jina, kwa anwani, kwa kila mlango niliojua. Kimya. Nikajaribu kutoka kwa televisheni kwa kadiri inavyowezekana. Kimya pia.

Nilirudia kutoka upande wa Wi-Fi ya wageni kwa siku tatu, ndipo nikawaandikia wale wa chama kwamba sasa wanaweza kutuma. Nakala ikaja ikiwa imefungwa kwa nenosiri, ikaingia upande wa kazi0, na hadi leo haijatoka huko.

Nyaya nimezinunua za rangi nne: kijani ni faiba, njano ni simu, buluu ni nyumba, nyekundu ni kazi. Nimebandika karatasi ukutani, na chini yake mama watoto ameongeza kwa kalamu: "NYEKUNDU USIGUSE HATA AKIKUAMBIA."