Kinoo cha Wembe wa Babu

Babu yangu alikuwa kinyozi mjini Bukavu, na mpaka leo hataki kunyolewa kwa mashine. Ana wembe wa kukunja uliotengenezwa Solingen, Ujerumani. Mikono yake sasa inatetemeka, hivyo ni mimi ninayemnyoa kila Jumamosi. Ngozi ya mzee ni nyembamba. Wembe butu haukati ndevu, unazivuta, na ukikaza mkono damu inatoka. Kwa hiyo kumtafutia kinoo niliona ni kazi nzito kuliko mtihani (walimu wanisamehe).

Kinoo chake cha zamani kilikuwa cha manjano, kimegandishwa juu ya jiwe la buluu. Mawe ya aina hiyo hutoka Ardennes, Ubelgiji, upande wa Vielsalm, na yanakata kwa sababu yamejaa chembe ndogo sana za garneti. Kilipotea mwaka 1996, familia ilipokimbia vita. Wembe ulipona kwa kuwa ulikuwa mfukoni mwake.

Mawe ya kunolea yamejaa sokoni, lakini ni ya panga na visu. Nililoonyeshwa kwanza lilikuwa na pande mbili, 120 na 240. Namba inapanda kadiri chembe za jiwe zinavyokuwa ndogo. Kisu cha jikoni kinaivumilia 240, tena vile vimeno vinavyobaki kwenye makali humsaidia mpishi kukata nyanya. Wembe ukipita hapo unageuka msumeno. Muuzaji akaniambia, “Kijana, jiwe ni jiwe.” Nikamshukuru, nikaondoka.

Wembe wenye mapengo huanzia 1000. Wa babu haukuwa na pengo, ulikuwa umechoka tu, na 1000 ingemla chuma chake bure. Ulihitaji 4000 ya kurudisha makali, kisha 8000 ya kuyalainisha. Mawe ya manjano bado yanauzwa, ila kila moja lina tabia yake kama lilivyochimbwa, halina namba, na bei yake si ya mwanafunzi. Nikaagiza la kiwandani, la kutumia na maji, upande mmoja 4000 na wa pili 8000.

Lakini kuna jambo ambalo namba haisemi, nalo naliona kubwa zaidi: jiwe liwe bapa kabisa. Wembe hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Unene wa mgongo ndio unaopanga mlalo wa makali, wala si ustadi wa mkono. Jiwe likiwa na bonde katikati, makali yataguswa huku na kuachwa kule, hata kama ni la 8000. Ndiyo maana kabla ya kunoa nachora mistari ya penseli juu ya jiwe lote, kisha nalisugua kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo. Mistari yote ikifutika, jiwe limekaa sawa. Mstari ukibaki katikati, bonde liko pale pale, naendelea kusugua.

Nilipomletea, babu alilipapasa kwa kidole gumba upande wa 8000.

“Hili ni sabuni,” akasema.

Nikamnolea mbele yake, taratibu, makali yakitangulia, nikiugeuza wembe kwa mgongo kila ulipofika mwisho wa jiwe. Akauchukua, akajaribu vinyweleo vya mkono wake, akanyamaza kidogo. Kisha akaniagiza nimletee ule mkanda wa ngozi.