Wapigaji Watatu Wasio na Kipaza Sauti

Mtu wa Mabwerebwere akirudi kutoka Unguja haulizwi ameona nini. Huulizwa ameleta nini. Wengi huleta haluwa, karafuu au kofia ya kushonwa kwa mkono. Mimi nilitumwa na kamati ya msikiti wetu kununua juzuu na vitabu vya fiqhi kwa ajili ya madrasa, na Alhamdulillah vitabu hivyo vimefika salama. Lakini nimerudi pia na habari ya duka moja la ala za muziki, na naamini habari hiyo inazihusu familia zetu kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Nilisafiri nikiwa na jambo kifuani. Wiki chache kabla ya safari palikuwa na harusi kijijini, na maspika makubwa yalilia hadi usiku wa manane. Nyumba ya tatu kutoka hapo alikuwamo mama mmoja aliyefiwa na mumewe, yuko katika eda, na watoto wadogo wamemzunguka. Waliokwenda kumsomea marehemu dua hawakuweza kusikizana. Kamati ilikaa vikao viwili juu ya jambo hilo. Wazee walitaka muziki wote upigwe marufuku katika harusi za Waislamu. Vijana wakajibu kuwa nikaha hutangazwa, na kwamba dufu limo katika Sunna. Kila upande ulikuja na vitabu vyake, kikao cha pili kikafungwa bila uamuzi, na katika saa zote hizo yule mama hakutajwa hata mara moja.

Kutoka Kilosa hadi baharini ni safari ndefu kwa mtu aliyezoea mashamba. Unaacha nyuma Mto Mkondoa, ambao mvua zikizidi huvunja kingo na kuingia majumbani mwa watu, na mashamba ya zamani ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, yaliyowaleta wilayani kwetu watu wa makabila mengi kutafuta kazi. Kwa basi nilifika Morogoro mjini, na kutoka hapo nilipanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani ya boti, na baada ya saa mbili hivi mapaa ya Mji Mkongwe yalionekana juu ya maji.

Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mgeni huelewa sababu yake mara moja. Njia zake ni nyembamba, kuta ni nene, na sauti ya mtu anayezungumza dirishani humfikia anayepita chini bila ya yeyote kupaza sauti. Baada ya swala ya Alasiri, nikiwa na furushi la vitabu begani, nilipita mbele ya duka dogo ambalo ndani yake palining'inizwa udi za kupigwa, si udi wa kuchoma, pamoja na fidla kuukuu na marundo ya kanda. Watu wapatao ishirini walikuwa wameketi, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye baraza ya nje. Katikati yao walikuwapo wapigaji watatu: mzee mmoja na vijana wawili. Hapakuwa na kipaza sauti, wala spika, wala waya wa umeme.

Mzee alishika udi. Ala hiyo ina umbo la peari lililokatwa kati, tumbo lake ni la mbao nyembamba, na kwa kawaida huwa na nyuzi 11 zinazopigwa kwa risha. Kijana wa kwanza alikuwa amepakata kanuni, ala bapa yenye nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatutatu, ili kila sauti itolewe na nyuzi tatu kwa pamoja. Huchezwa kwa risha fupi zinazofungwa kwa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili. Kijana wa pili alikuwa na fidla ya nyuzi 4 na upinde wake wa manyoya ya farasi. Ukijumlisha, nyuzi karibu tisini zilikuwa chumbani, lakini mtoto mchanga aliyekuwa mapajani mwa mama yake karibu na mlango hakushtuka.

Kilichonishangaza zaidi ni wasikilizaji. Kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo, watu waliifuata wenyewe. Aliyetaka kuzungumza alitoka nje. Muuza duka alipotaka kumpa mteja chenji, aliziweka sarafu mkononi mwake moja moja zisilie. Udi ulipopiga peke yake, fidla ilishushwa magotini, na mpigaji wake alimtazama mzee kama mwanafunzi anavyomtazama ustadhi wake anaposoma. Hakuna aliyejaribu kumshinda mwenzake. Hilo halikutokana na uungwana wa tabia tu, bali na ala zenyewe: udi ni dhaifu wa sauti kuliko fidla, na mwenye fidla akikosa kiasi, udi hausikiki tena na utungo wote unaharibika. Katika kundi la watu watatu wasio na mitambo, kila mmoja hulazimika kumsikia mwenzake kabla ya kujisikia mwenyewe.

Ala hizi zina historia ndefu visiwani. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri mtu mmoja aitwaye Mohammed bin Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa. Sahani hizo ziliporudi Afrika Mashariki ziliuzwa madukani, na wasioweza kununua gramafoni walisimama nje kuzisikiliza. Ndivyo duka lilivyokuwa barazani pa muziki. Mombasa nako wenye maduka hawakuishia kuuza tu: duka la Assanand lilitoa sahani zake lenyewe kwa chapa ya Mzuri, na miaka ya baadaye Mbwana Radio likawa mashuhuri kwa kanda za taarabu, zikiwamo za mpiga udi wa Lamu, Zein l'Abdin. Siku hizi sahani na kanda zimekwisha kazi, kwani wimbo humfikia mtu simuni. Duka linalotaka watu wakae hubakiwa na kitu kimoja ambacho simu haiwezi kutoa, nacho ni wapigaji walio hai. Vijana wale wawili, kama nilivyoelezwa hapo dukani, walisoma katika chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mjini hapo mwaka 2002 ili elimu ya ala hizi isife pamoja na wazee wake.

Mtu aliyepita chuo cha Kiislamu hawezi kukaa hapo bila kutambua jambo jingine. Mzee alipoanza kwa utaratibu, sauti zilizopanda na kushuka nilikuwa nazijua. Zilikuwa maqamu ya Bayati, ambayo wasomaji wengi wa Misri huanzia kisomo chao, kisha akahamia Hijazi. Watoto wetu wa madrasa huzipita njia hizo hizo kila wanapomuiga Sheikh Abdul Basit Abdul Samad, ingawa majina yake hawayajui. Sisemi kuwa kisomo na udi ni kitu kimoja, hasha. Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na hukumu zake za tajwidi haziwekwi chini ya ala yoyote. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na kisomo kizuri hutambua sauti iliyopimwa, na husumbuka linaposikia isiyo na kipimo.

Hapa msomaji ataniuliza hukumu, na ana haki. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi, na miongoni mwa hoja zao ni tafsiri ya Ibn Mas'ud juu ya aya ya 6 ya Sura Luqman, inayotaja maneno ya upuuzi. Hata Imamu Ghazali, aliyefungua mlango mpana katika suala la kusikiliza, alizitoa nyuzi nje ya mlango huo kwa kuwa zilihusishwa na vikao vya ulevi. Wachache, akiwamo Ibn Hazm, waliona kuwa dalili za kuharamisha hazikutimia. Khitilafu hiyo ina karne nyingi, na katibu wa kamati ya msikiti wa kijiji si mtu wa kuimaliza gazetini. Mwenye kujiepusha amechukua hadhari ya dini yake, na mimi nilikaa barazani, nje ya mlango, si ndani.

Lakini nikiwa barazani nilikumbuka kwamba sura hiyo hiyo ina aya ya 19. Humo Luqman anamuusia mwanawe awe na kiasi katika mwendo wake na aishushe sauti yake, na anamtajia mlio wa punda kuwa ndio unaochukiza kuliko sauti zote. Vikao vyetu viwili viligawanyika juu ya aya ya 6, ambayo wanazuoni wamehitilafiana katika upana wake. Juu ya aya ya 19 hakuna madhehebu yanayogombana, lakini si mzee wala kijana aliyeisoma. Kaswida ikirushwa na spika kubwa saa sita usiku ukutani kwa mgonjwa, haisalimiki na aya hiyo kwa sababu tu maneno yake ni ya kumsifu Mtume (S.A.W.). Aya inazungumzia sauti yenyewe.

Kabla ya Magharibi mzee alisimamisha mkono. Adhana ilikuwa bado haijaanza. Alikuwa ameona tu mwanga wa njiani unavyobadilika. Udi ulilazwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, kanuni ikafunikwa, muuza duka akaegesha mlango. Kwa kuwa hapakuwa na mitambo ya kuzima wala nyaya za kukunja, kazi yote haikuchukua dakika tatu. Adhana ilipopanda ilikuta njia imetulia, na wengi wa waliokuwa wamekaa mkekani walielekea msikitini, mzee akiwa mbele yao.

Nilipofika nyumbani niliwaeleza wajumbe yote haya, na mzee mmoja alinikumbusha kuwa hata sisi hatukuwa wageni wa jambo hilo. Wakaguru na jirani zao Wagogo wana zeze, uzi uliofungwa kwenye mti na kibuyu, unaopigwa kwa upinde mdogo. Marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze mbali nje ya Tanzania. Mzee huyo alisema kuwa zamani ukitaka kumsikia mpiga zeze ulisogea karibu naye, na usiyetaka ulikaa kwako ukalala. Uamuzi ulikuwa wa msikilizaji. Spika imeuchukua uamuzi huo na kumpa mwenye jenereta.

Kikao cha tatu kilikuwa kifupi. Suala la ala tumeliacha kwa wanazuoni na kwa kila nyumba na taqwa yake, wala hakuna aliyelazimishwa kubadili msimamo. Tulikubaliana mambo matatu yasiyo na khitilafu. Kwanza, katika harusi yoyote ya jamaa wa msikiti wetu, iwe ya dufu, ya kaswida au ya taarabu, sauti isielekezwe nje ya ua wa wenye shughuli, na ikome saa nne usiku. Pili, siku tatu kabla, bwana harusi au baba yake azipitie nyumba za jirani kwa miguu, aulize penye mgonjwa, mzazi au mfiwa. Tatu, penye mfiwa au mgonjwa wa karibu, kipaza sauti kisifungwe kabisa. Msikiti nao umejiwekea sharti: spika ya nje itatumika kwa adhana na matangazo ya misiba, na darsa za usiku zitabaki ndani. Sharti hilo la mwisho lilipendekezwa na vijana, na wazee walilikubali baada ya kunyamaza kidogo.

Tusidhani kuwa kazi imekwisha. Anayekodisha maspika kijijini ni kijana wetu, ana familia, na kila usiku mfupi unampunguzia riziki. Kamati bado inazungumza naye, na haki yake haipaswi kusahauliwa kama ilivyosahauliwa ya yule mama. Harusi ya kwanza chini ya makubaliano haya itafanyika baada ya mavuno. Baba wa bwana harusi tayari amezipitia nyumba za jirani. Eda ya yule mama itakuwa imekwisha siku hiyo, lakini alikwenda kwake vilevile, akabisha hodi, akamuuliza. Mama alimjibu kwamba dufu halimsumbui, na akamshukuru kwa kuulizwa.