Kamba ya Mtu na Kamba ya Mzigo

Katika sanduku la babu, ambalo shangazi yetu amelihifadhi nyumbani Mombasa, mna kipande cha kamba ya usumba chenye urefu usiozidi dhiraa moja. Ncha zake zote mbili zimekatwa kwa panga. Hazikusukwa wala hazikutiwa fundo. Utotoni tulidhani kuwa ni mabaki ya jahazi tu, kama zile kapi mbili za mbao zilizolala kando yake. Maana ya kipande hicho niliijua nikiwa mtu mzima, mbali kabisa na bahari, na ninaiandika hapa kwa ajili ya watoto wetu. Wengi wao wanafahamu kwamba mimi hukata miti Marekani. Wachache wanajua kwamba kazi hii imo katika damu yetu.

Babu yetu alizaliwa Pemba, katika ukoo uliotoka Omani na kupata riziki kwa mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Msimu wa mavuno babu alikuwa shambani. Misimu mingine alikuwa serahangi wa jahazi lililopakia karafuu na kurudi na mchele na mbao. Kwa hiyo mikono yake ilijua kamba za aina mbili, ile ya kumshikilia mchumaji juu ya mti na ile ya kupandishia mzigo. Mkarafuu ni mti mrefu unaoweza kupita mita 10, na matawi yake hukatika upesi. Mchumaji hufuata vishada hadi kwenye vitawi vya nje, na mara nyingi hana kinga yoyote isipokuwa vidole vyake.

Nilifika Louisville, Kentucky, mwaka 2012, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kuburuta matawi. Mji ule una miti mikubwa, nayo imeonja misukosuko. Tarehe 3 Aprili 1974 kimbunga kiliangusha maelfu ya miti katika bustani ya Cherokee, na Januari 2009 barafu ilivunja matawi katika sehemu kubwa ya jimbo. Mimi nilikaa chini nikiwatazama wakwezi. Siku moja mkubwa wa kikosi alifunga kapi juu ya mwaloni, akanipa ncha ya kamba, akaniambia nizuie tawi lisiparamie paa la nyumba. Nilizungusha kamba mara tatu kwenye kigingi cha chuma kilichofungwa shinani, nikailegeza kidogo kidogo. Aliniuliza nimejifunza wapi. Sikuwa nimejifunza popote. Nilikuwa nimemsikia babu akisimulia namna ya kuteremsha foromali wakati wa tufani: usishindane na uzito, uache utembee, lakini utembee kwa amri yako.

Nilipopanda daraja nikawa mkwezi, ilinibidi kununua vifaa vyangu mwenyewe. Hapo ndipo elimu ya kweli ilipoanza. Kanuni za usalama za kazi hii, zijulikanazo kama ANSI Z133, zinataka kamba ya kukwelea iwe na uwezo wa kuhimili angalau ratili 5,400 kabla ya kukatika, na pete za chuma zinazomshikilia mtu zihimili ratili 5,000, zijifunge zenyewe na ziwe na kufuli. Mgeni akisikia hivyo hushangaa, kwa kuwa hakuna binadamu mwenye uzito wa namna hiyo. Lakini fundo hupunguza nguvu ya kamba, jua huila, mchanga huikwaruza kwa ndani, na mtu anayeanguka huivuta kwa nguvu zinazozidi uzito wake mara kadhaa. Ziada ile yote ni akiba ya siku mbaya.

Mizigo ina hesabu yake. Gogo la kilo 100 likining'inia kwenye kapi, na upande wa pili mtu akiizuia kamba, kapi na tawi lililoibeba hupokea karibu kilo 200, kwani pande zote mbili zinavuta. Gogo hilo likianguka kidogo kabla ya kudakwa, nguvu huongezeka mno. Kwa hiyo kamba ya kuteremshia hupata mishtuko isiyoonekana kwa macho. Ganda lake linaweza kuwa zuri ilhali nyuzi za ndani zimeshachoka. Ndiyo sababu kila mwalimu wa kazi hii husema neno moja: kamba iliyobeba mzigo isimbebe mtu.

Nililijua neno hilo, na bado nikalivunja.

Ilikuwa Columbus, Ohio, mji niliouhamia kwa ajili ya kazi iliyoletwa na mdudu. Mdudu huyo ni wa rangi ya kijani na asili yake ni Asia. Alitambuliwa Michigan mwaka 2002, na mwaka uliofuata akaonekana Ohio. Viluwiluwi vyake hula chini ya gome la miti iitwayo eshi na kuikatia maji na chakula. Eshi aliyekufa hukauka akawa kama biskuti. Tawi linaloonekana nene huvunjika bila hata kulia. Miti ya namna hiyo haifai kukwewa. Anayeweza huikata akiwa ndani ya kikapu cha gari lenye mkono mrefu, na gari lisipofika, mkwezi hujifunga kwenye mti mwingine ulio hai jirani yake.

Jioni moja tulikuwa tukimalizia mti wa namna hiyo. Kamba ya kuteremshia ilikuwa imekwama juu, mvua ilikaribia, na magogo mawili yalikuwa yamebaki. Nikatoa kamba yangu ya kukwelea, ambayo ilinigharimu ujira wa zaidi ya siku nzima, nikateremshia magogo yale. La pili lilidondoka kwa kishindo. Nikaikunja kamba, nikaiweka mfukoni, nikanyamaza.

Asubuhi yake nilikuwa nikijiandaa kuikwea miti mingine. Katika kikosi chetu alikuwapo mwenzetu mmoja aliyenizidi umri, mzaliwa wa Uvira. Alikuwa na desturi ya kupitisha kamba za kila mtu vidoleni kabla ya kazi, polepole, macho ameyafumba. Alipofika karibu na katikati ya yangu akasimama. Akanipa nipapase. Palikuwa na mahali palipolegea, pembamba kuliko kwingine, kama mfupa uliokosa uboho.

"Ndugu yangu," akasema, "hii kamba ilishakufa."

Nikasema nitaitumia kufungia matawi garini. Hakunijibu. Alichukua kisu, akaikata pale pale, kisha akaikata tena, mpaka pasibaki kipande cha kumshawishi mtu. Nilikasirika kwa ajili ya fedha zangu. Hasira ile ilinitoka mchana, nilipokuwa mita 18 juu ya ardhi na kamba ya kuazima kiunoni.

Usiku nilimpigia simu shangazi na kumsimulia. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa. Babu alikuwa na mdogo wake. Msimu mmoja, kijana huyo aliokota kamba ya jahazi iliyokwisha kazi ya kupandishia magunia, akaipeleka shambani, akajifunga nayo juu ya mkarafuu. Ilikatika. Aliishi siku mbili. Tangu siku hiyo babu aliikata kwa panga kila kamba iliyostaafu, mbele ya mabaharia wote, na kipande kimoja cha kamba ile ya kwanza akakiweka sandukuni. "Hakutaka tukijue," shangazi alisema, "alitaka tukikute."

Sasa niko Buffalo, New York, aliko dada yangu. Wakongwe wa kazi hapa bado wanaizungumza theluji ya tarehe 12 na 13 Oktoba 2006, iliyoanguka wakati miti ingali na majani. Majani yakaibeba theluji, na matawi yasiyohesabika yakavunjika. Hata leo hukutana na makovu ya siku zile, yameoza ndani, na kwa hiyo huugonga mti kwa nyundo na kuusikiliza kabla ya kuuamini. Majira ya baridi kamba iliyolowa huganda, na fundo linaloshika vizuri wakati wa joto huteleza. Kila asubuhi hujining'iniza kwanza nusu mita tu kutoka ardhini na kungoja.

Ninazo kamba za rangi mbili. Nyekundu ni ya mtu, nyeupe ni ya mzigo, na kila moja ina mfuko wake. Zikifikia mwisho wake huzikata. Mwanangu wa miaka minane hunisaidia kuzipapasa akiwa amefumba macho. Mwezi uliopita alisimama mahali ambapo mimi nilikuwa nimepapita. Nilirudia kupapasa mara tatu nisihisi kitu. Hata hivyo niliikata.