Diamond wa Kulalama na Diamond wa Kutamba

Shuhuda za kanisani huwa na siku yake: kabla ya siku hiyo giza, baada yake nuru. Wangu hauna siku. Tangu 2010 nimempenda Diamond Platnumz, nikamchoka, nikamrudia, nikamnunia, na sasa tunaishi kama majirani waliokwisha kujuana tabia. Mwenyewe hana habari na lolote kati ya haya, na wala hayamhusu.

Nilianza naye pale walipoanza wengi. "Kamwambie" ulikuwa kwenye daladala, ulikuwa saluni, na chuoni tulirushiana kwa Bluetooth simu kwa simu hadi jina la faili likapotea. Ulipikwa na Bob Junior pale Sharobaro Records, na kwenye Tuzo za Kili za mwaka ule wa 2010 kijana wa Tandale akaondoka na tuzo tatu, ikiwemo ya msanii chipukizi. Kilichoninasa hakikuwa sauti. Sauti yake ni nyembamba. Iweke karibu na ya Ali Kiba wa "Cinderella" uone nani kajaliwa koo. Diamond alichojua ni kulalama. Alivuta mwisho wa mstari kama wanavyouvuta waimbaji wa taarab, akauachia kabla hujaomba auachie. Alikiri bila haya kwamba kaachwa na kwamba mfukoni hamna kitu. Kabla yake, Mbagala kwangu ilikuwa jina la daladala zinazojaa mpaka mlangoni. Baada ya wimbo wake wa "Mbagala", nilikuwa nikipita kule na kuona kila kijana aliyesimama kituoni kama mtu aliyekosa mchumba.

Halafu ikaja "Number One" mwaka 2013, na nyuma yake rimiksi aliyoimba na Davido wa Nigeria. Nchi ikashangilia, mimi nikapoa. Mdundo wa Sheddy Clever sikuwa na ugomvi nao, miguu yangu mwenyewe ilinisaliti mara nyingi. Ugomvi wangu ulikuwa kwamba yule mlalamaji kaondoka na mahali pake amekuja mtu mwenye miwani ya jua anayejua kucheza. Mwaka uliofuata Kiba alirudi na "Mwana" baada ya kimya kirefu, watu wakagawanyika Timu Diamond na Timu Kiba kama Simba na Yanga, nami nikahamia kwa Kiba na mizigo yangu yote.

Kaka yangu alibaki upande wa pili, na hoja zake zilikuwa za hesabu. Julai 2015 Diamond alipochukua tuzo ya MTV kule Durban kwa kuwa mwanamuziki bora wa jukwaani Afrika, alinipigia usiku kunikoga. Nikamwambia tuzo ya jukwaa si tuzo ya kuimba. Akanijibu: "Sasa dada, unataka aimbe umaskini mpaka lini, na hela anazo?" Nilibadilisha mazungumzo, nikamuuliza mama anaendeleaje. Lakini swali lile lilibaki kichwani, na naamini ndilo lililonifanya nianze kumsikiliza yeye badala ya kuwasikiliza waliokuwa wakibishana juu yake.

Mwaka 2016 akanigusa nyumbani kabisa. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, na "Maria Salome" wa Saida Karoli, wa mwaka 2001, ndio wimbo ulionifanya mtu wa maana shuleni. Nchi nzima iliucheza bila kuelewa Kihaya, nami nilikuwa nikitafsiri kwa malipo ya andazi, mara nyingine nikiongeza ya kwangu. Sasa Diamond na Rayvanny, mtu wa Tandale na mtu wa Mbeya, wakauchukua, mtayarishaji wao Laizer akaufumua na kuufuma upya, wakauita "Salome" na kuujaza mashairi ya chumbani. Siku ya kwanza nilizima redio. Shangazi yangu, ambaye nilitarajia angekasirika kuliko mimi, alikuwa anacheka. Alisema redio zilikuwa zimemsahau Saida miaka, na kama njia ya kumkumbuka ni hii, basi na iwe hii. Kweli watoto waliozaliwa baada ya wimbo ule wa kwanza wakaanza kuutafuta, na 2017 Saida mwenyewe akarudi na "Orugambo". Mashairi ya "Salome" siyapendi hadi leo. Ila kuanzia hapo niliacha kusema kwamba Diamond kaukimbia muziki wa kwao. Msanii anayejua ni wimbo gani wa zamani bado una damu ana sikio, na sikio lile ndilo lililokuwa likivuta mistari ya "Kamwambie".

Kununa kulikuja 2018, nikiwa tayari nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mwanza. Novemba ya mwaka ule yeye na Rayvanny walitoa wimbo unaoitwa kwa jina la mji wetu, ambao kila mtu aliuita "Nyegezi" na kila mtu alijua Nyegezi inayoimbwa siyo stendi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wakaupiga marufuku. Desemba wakauimba tena, jukwaani hapa hapa Mwanza, wakafungiwa kufanya maonyesho hadi walipoomba radhi. Marufuku sikuiunga mkono. Wimbo uliofungiwa huimbwa mara mbili. Lakini jaribuni ninyi kusimama mbele ya kidato cha pili kuuliza nani anatoka Nyegezi. "Madam, swali hilo BASATA hawaruhusu," mmoja alinijibu, na kipindi kikaishia hapo.

Habari za lebo yake nitazipitia haraka. Rich Mavoko aliondoka Wasafi, Harmonize akaondoka 2019, Rayvanny 2022, na kila kuondoka kulikuja na maneno ya mikataba. Mkataba hata mmoja sijausoma, na wengi waliokuwa wakipiga kelele hawajausoma pia.

Aliyenirudisha ni baba yangu mdogo, mzee wa dansi na rumba ambaye kwake muziki wa Bongo Fleva ni kelele za vijana wasio na kazi. Mwisho wa 2020 ulipotoka "Waah!", aliniita sebuleni. "Binti, huyu mtoto aliye na Koffi ni nani?" Nikamwambia. Akatazama mpaka mwisho bila kusema neno, akaniomba niurudie. Kumwona Koffi Olomide, aliyekuwa akiimba kabla mimi sijazaliwa, akicheza bega kwa bega na kijana wa Tandale kulimfurahisha mzee kuliko dawa zake zote. Nami kwa mara ya kwanza nilikubali kwamba kutamba nako ni kazi, kunahitaji pumzi na nidhamu, na kunafurahisha watu ambao kulalama kungewachosha.

Kuna wimbo mmoja ambao maoni yangu juu yake yamegeuka kabisa: "Utanipenda", wa mwisho wa 2015, anapouliza kama atapendwa siku umaarufu ukimwisha. Wakati ule niliuona ni tajiri anayejifanya fukara ili abembelezwe. Sasa amevuka miaka 35, kina Zuchu aliowatoa mwenyewe wana mashabiki wao, na wanafunzi wangu wanamwita mzee. Nikiusikia siku hizi nasikia yule yule wa "Kamwambie", ila safari hii anaoogopa kuachwa nao ni sisi. Kaka hakubali; kwake ule ni wimbo wa biashara kama "Komasava". Bado tunabishana.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa sasa ni huu. Akitoa wa kulalama, wenye gitaa, bila wacheza shoo, nitaulipia siku ile ile utakapotoka. Akitoa wa kutamba, nitausubiri harusini, ambako nitaucheza mpaka viatu nivue.