Sauti ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mwimbishaji wa kwaya katika kijiji kimoja cha Ufipa, si mbali na Sumbawanga mjini. Julai 2016, majira ambayo baridi ya nyanda zile huwafanya watu waote moto tangu alasiri, nilikwenda likizo na kinasa sauti. Tulijifungia darasani, tukaziba madirisha kwa mablanketi, zikapatikana nyimbo sita.

Nilirudi Dar es Salaam na kiburi cha mtu aliyejifunza kazi nusu. Nyimbo zetu niliziona nyonge mbele ya zile za redioni. Basi nikazipandisha sauti kwa kompyuta mpaka vilele vyake vyote vikalingana kama ua lililofyekwa kwa panga, nikazihifadhi kwa MP3, na zile za asili nikazifuta ili kuokoa nafasi.

Nilizipeleka mwaka uliofuata kwa fundi mitambo mmoja mzee, ambaye kazi yake ni kuupokea muziki uliokwisha kuchanganywa na kuukamilisha kabla haujatolewa. Alisikiliza dakika moja tu.

"Ndugu, umeniletea ugali. Mimi nilitaka unga."

Ndipo akanifundisha. Muziki wa kukamilishwa hupelekwa katika faili la WAV la biti 24, bila kubanwa, kilele chake kikiwa kama desibeli 6 chini ya kikomo, fundi apate nafasi ya kufanyia kazi. Mwisho wa wimbo haukatwi. Mlio huachwa ufe wenyewe. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirejei. Hata enzi za utepe, alisema, aliyejaza sauti kupita kiasi aliambulia mikwaruzo.

"Nenda karekodi upya."

Shangazi alikuwa amefariki Februari.

Fundi alijitahidi, lakini binti wa marehemu aliposikiliza alisema, "Kaka, mama anaimba kama ana mafua." Sikuwa na jibu.

Baadaye, katika kinasa sauti kile kile, nilikuta wimbo wa majaribio ambao niliudharau hata nisiuguse: sauti ya chini, mtu anakohoa, jogoo anawika katika ubeti wa pili. Fundi aliupokea kwa mikono miwili. Aliuliza kama amwondoe jogoo. Binti alikataa, jogoo yule, alisema, alikuwa wa mama.