Mwezi Gani, Mwalimu?

Nilipokuwa darasa la nne, Nachingwea, mwalimu aliuliza jua linachomoza wapi. Nikanyoosha mkono nikamuuliza, "Mwezi gani, mwalimu?" Darasa zima likacheka. Yeye akaona nimemletea dharau. Nikala viboko viwili, kisha nikaandika mara hamsini kwamba jua huchomoza mashariki.

Wala sikuwa na dharau. Mlango wetu wa nyuma ulitazamana na mkorosho mkubwa. Mwezi wa sita jua lilitokea kushoto kwa mkorosho ule, na Desemba lilitokea kulia kabisa, kule kwenye choo cha jirani. Nililiona kwa macho yangu. Tangu siku ile jiografia nikawa naikariri tu: ngano ya Kanada, viwanda vya Ruhr, maziwa makuu ya Marekani ya Kaskazini. Na nikafaulu, tena vizuri.

Oktoba iliyopita nilikwenda nyumbani kumsalimia mama. Mpwa wangu, aliye darasa la tano, akanishika mkono hata chai sijamaliza: "Mjomba, twende ukaone kijiti chetu."

Kijiti chenyewe kilikuwa cha urefu wa mita moja hivi, kimechomekwa katikati ya uwanja wa shule. Kila Jumatatu tangu Julai, saa sita mchana, watoto walikuwa wanaweka kokoto pale ncha ya kivuli inapoishia. Mstari wa kokoto ulitoka kusini, ukawa unakisogelea kijiti wiki hadi wiki. Nachingwea iko nyuzi kumi na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba, halafu tena karibu na tarehe 21 Februari. Katikati ya tarehe hizo kivuli cha mchana huangukia kaskazini. Nina shahada ya chuo kikuu, na hili nimelijua kwa kuchuchumaa na watoto wa miaka kumi na moja.

Mwalimu wao ni dada wa rika langu. Nilimsimulia habari ya viboko vyangu. Hakucheka. Alisema, "Hata Waingereza hawakuuliza mwezi gani." Alikuwa anausema ule mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta, wakafyeka misitu, hapa kwetu wakajenga na reli, lakini mvua na udongo hawakuvipima vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli nayo ilikuja kung'olewa.

Wiki hiyohiyo darasa lilikuwa na safari ya Ruangwa, nami nikaombwa nisindikize. Tuliondoka asubuhi kwa Coaster. Watoto wakagombania madirisha ya kulia, jua likawachoma mpaka wakafunika nyuso kwa madaftari. "Jua liko kulia, tunakwenda wapi?" mwalimu akauliza. Kaskazini! Jioni wakati wa kurudi, wajanja wakahamia kushoto, wakawa wamekosea: jua likarudi kulia. Mabishano yalianza palepale na mwalimu akanyamaza makusudi. Tulishaenda mwendo mrefu ndipo mtoto mmoja akapiga kelele kwamba sasa tunakwenda kusini na jua limeshahamia magharibi.

Huko Ruangwa waliona kinywe. Jiwe la kijivu, laini, linang'aa, ukilishika vidole vinakuwa vyeusi. Mwalimu aliwaambia kwamba ndani ya penseli zao mna kitu hichohicho, kimechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Hawakuamini. Mvulana mmoja akachukua kipande akaandika jina lake kwenye daftari, na likasomeka. Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza tena, kila mtu anataka jiwe.

Tukiwa hukohuko ndipo nilipojua kwamba watoto wawili hawakuja. Mchango ulikuwa shilingi elfu tano, na kwao haukupatikana. Msimu wa korosho ndiyo kwanza unaanza, fedha bado. Wawili ni elfu kumi. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya hiyo kwa soda njiani, na sikuwa nimeuliza.

Mwalimu alikuwa amewaachia kazi ya kulinda kijiti. Nikaona ni kuwabembeleza tu, sikusema.

Tuliporudi walikuwa bado uwanjani, giza linaingia. Yule wa kike akamkimbilia mwalimu: "Kimepotea, mwalimu! Saa sita na dakika kumi, kivuli kimeingia ndani ya kijiti!" Wenzake waliotoka safari, vidole vyeusi, wakasema waongo hao. Mwenzake akaapa. Akaonyesha kokoto aliyoiweka, imeegemea kijiti chenyewe.

Kesho yake darasa zima lilikwenda kushuhudia. Mimi sikuwepo, basi la Dar es Salaam lilikuwa limeshanichukua alfajiri. Saa saba mchana simu ya dada yangu ikalia, kumbe ni mpwa wangu.

"Mjomba, kimehamia kaskazini."

"Umekiona?"

"Kidogo tu. Kama unyasi. Wale wawili ndio wametuonyesha pa kuangalia."